Baiskeli Iliyovishwa Maua

Haya wajukuu, sogeeni, nanyi mnaojidai mmesoma sogeeni zaidi. Nawatega. Nina mgeni habishi hodi. Akiingia hunifumba macho bila kitambaa, hunilaza chini bila kunisukuma, na akiondoka sijui kaniibia nini mpaka nitazame saa ukutani. Nani huyo? Mkishindwa, mji wenu sitaki, wangu unanitosha kwa makelele. Jibu mtalisikia, na atakayelitoa ni mtu ambaye angeona heri ameze wembe kuliko kulitamka.

Sasa tumfuate Peris.

Jumamosi hiyo ya Oktoba, mwaka 1998, Peris Wakesho alikuwa Ilford, jikoni kwa mjane, ameshika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe wa polisi wa Arizona. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya buluu ya kunywea maji, ile inayochomekwa kwenye fremu ya baiskeli. Ubavuni iliandikwa kwa wino mweusi: CHAMAN.

"Usiifungulie karibu na unga wangu," alisema Kokila, mwenye nyumba. "Nimeshaukanda."

Peris alisogea dirishani. Alikuwa sajini wa polisi miaka kumi na miwili, Voi kisha Mombasa, na hapa London aliwatafutia mawakili wa Croydon mashahidi waliojificha na kuwapelekea watu hati wasizozitaka. Maiti alikuwa amezizoea. Lakini alipokizungusha kifuniko cha chupa, mkono ulimruka wenyewe mpaka puani.

Harufu ilitoka kama kitu kilichokuwa kikingoja kwa hasira. Zizi. Zizi bichi, na ndani ya zizi kitu kilichooza. Alivuta pumzi ya nje, akarudi, akaielekeza chupa kwenye mwanga. Chini kulikuwa na tope la kijani lililokauka likapasuka magamba, na kwenye magamba hayo umenasa unywele mmoja mfupi, mgumu, wa rangi ya kahawia. Haukuwa wa binadamu.

"Astaghafiru, mimi Mkristo nisemeje," alinong'ona. Mate yalimjaa mdomoni, akayatema kwenye sinki, akafungua bomba. "Niwie radhi, dada."

"Tema tu. Mimi mwenyewe nilitapika." Kokila alifuta mikono. "Sasa niambie. Kesho saa nane ukumbini, watu mia tatu wanakuja kumtukuza Chaman kwa ushujaa wake. Wameshaniletea koja la maua, liko kwenye friji pale, chini ya mtindi. Nimvishe Chamanbhai au nisimvishe? Mengine sikuulizi."

Kisa chenyewe kilijulikana na kila Mhindi aliyetoka Afrika Mashariki, kuanzia Ilford mpaka Hayes. Rasik, mume wa Kokila, na rafiki yake Chaman walizaliwa mtaa mmoja Unguja. Baada ya Mapinduzi waliondoka pamoja, vijana wa miaka ishirini, na London wakazeeka pamoja juu ya baiskeli. Juni mwaka huo walikwenda Amerika kuvuka jangwa la Arizona. Siku ya tisa Rasik alikufa kwa kiu kando ya barabara. Chaman alirudi na hadithi: alimpa mwenzake chupa yake ya mwisho, kisha akaendesha maili kumi na tisa bila tone la maji mpaka kituo cha mafuta kuomba msaada. Watu walilia. Wengine walimshika miguu.

"Kilichokutia shaka ni nini?" aliuliza Peris.

"Nilimwuliza swali moja uwanja wa ndege. Rasik alikuambia nini mwisho? Akatazama ukuta. Nikamwuliza tena msibani, akaomba chai. Miezi minne, kila nikiuliza, mtu huyu ana kiu."

Peris alikwenda kwenye ujia wa mlango wa mbele, ambako baiskeli ya Rasik ilisimama nyuma ya makoti. Chupa mbili za Rasik zilikuwa kavu na hazikunuka chochote. Tairi zilikuwa na vumbi jekundu. Alizipapasa kwa kidole inchi kwa inchi, pande zote mbili, akakuta laini kama ganda la yai. Juu ya usukani kulikuwa na kisaa kidogo cha kupimia mwendo. Alibonyeza kitufe. Kikaamka: maili thelathini na sita, safari ya siku ile, tangu alfajiri mpaka pale alipoanguka.

Aliandika kwenye daftari: 36. Kutoka hapo mpaka kituo cha mafuta, kwa ramani ya polisi, 19.

"Naenda Hayes, kwa Chaman," alisema.

"Nami," alisema Kokila, tayari anavaa koti.

"Utakaa garini."

"Nitakaa garini," alijibu Kokila, akafungua friji, akatoa koja lile na kulitia kwenye mfuko wa dukani.

*

Mlango ulifunguliwa na Lila, mke wa Chaman, mwanamke mwembamba mwenye unga wa dengu kwenye vidole.

"Karibu, Bi Peris. Mwenyewe yuko kwa kinyozi, kwa ajili ya kesho. Unataka kuiona baiskeli? Wote wanataka. Njoo."

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba. Ndege za abiria zilipita chini kabisa juu ya paa, vikombe vikalia kwenye rafu. Katikati, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa chekundu, baiskeli ilisimama kama bibi harusi. Ilikuwa imetiwa nukta ya rangi nyekundu kwenye fremu, taa ya samli imewashwa mbele yake, na usukani umevishwa maua. Maua yenyewe yalikuwa ya wiki tatu. Yamegeuka rangi ya chai, yanadondosha maji mazito kwenye kitambaa, na nzi wawili wa mwisho wa msimu walikuwa wakijilia.

"Hatujaiosha," alisema Lila kwa fahari yenye uchovu. "Amekataza. Chombo kilichokuokoa unakifanyia puja, ibada yetu, kama kilivyo, na vumbi lake. Watu wanagusa gurudumu, wanajipaka kwenye paji la uso. Juzi alikuja mama mmoja mgonjwa kutoka Leicester."

Peris alitazama gurudumu. Kweli, sehemu ya mbele vumbi lilikuwa limefutika kwa vidole vya watu. Sehemu ya chini, isiyofikiwa na mkono, ilikuwa bado imeganda.

"Nikipiga magoti utaniona mkosefu wa adabu?"

"Piga tu. Wote wanapiga."

Peris alipiga magoti, lakini si kwa ibada. Alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, akakirudisha haraka. Tone la damu. Akainama zaidi, akatoa kikoleo cha nyusi kwenye mkoba, akachomoa punje ya rangi ya kijivu, ndogo kama dengu, yenye pembe mbili kali kama za mbuzi.

Alicheka bila furaha. Kitu hiki angekijua hata gizani. Utotoni Taita alifuata mbuzi miguu mitupu, na kila jioni mama yake alimkalisha kizingitini kumchomoa vitu hivi nyayoni.

"Ni nini hicho?" aliuliza Lila.

"Mbigili, dada. Nisaidie kuhesabu."

Walihesabu pamoja. Tairi la nyuma kumi na tatu, la mbele tisa. Nyingine zilikuwa zimeshika tope la kijani lililokauka, na Peris hakuhitaji kulinusa mara mbili.

"Tairi hizi na za marehemu zilinunuliwa pamoja?"

"Siku moja, duka moja. Wale wawili wakinunua soksi walinunua pamoja."

"Hebu soma na wewe hapa, dada. Macho mawili yasije yakaambiwa yamedanganya." Peris alibonyeza kisaa cha mwendo.

Lila alisoma kwa sauti. "Hamsini na tisa."

Thelathini na sita na kumi na tisa ni hamsini na tano. Peris alifunga daftari, akafungua kisanduku cha vifaa kilichofungwa chini ya kiti. Ndani mlikuwa na pakiti ya viraka. Vyote sita, karatasi haijachanwa.

*

Chaman aliingia ananukia manukato ya kinyozi. Alikuwa mtu wa kimo kizuri, ndevu zimechongwa kwa wembe, na alipomwona Peris alifungua mikono kama mwenye sherehe.

"Bi Peris! Kokilaben kanambia ungekuja. Anataka kumbukumbu iandikwe, si ndiyo? Vizuri sana. Lila, lete ganthia. Lete na pilipili ile."

Walikaa sebuleni. Alianza kula papo hapo. Alizichovya ganthia, vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa, kwenye pilipili, akazitafuna akisema, na baada ya kila tonge alilamba vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kifundo, kisha kwa vidole hivyo hivyo akampelekea Peris sahani.

"Asante, nimeshiba," alisema Peris. "Nisimulie siku ile."

"Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukisimama kila mara Rasikbhai apumzike. Barabara imenyooka kama rula, huku mchanga, huku mchanga. Hakuna mti. Kuna miti ya miiba tu imesimama kama watu walioinua mikono. Kufika saa tano, lami inanata kwenye tairi. Saa sita Rasikbhai akasema, Chaman, siwezi. Pana daraja dogo pale la kupitisha maji ya mvua, nikamkalisha kivulini. Maji yake yameisha. Nikatoa chupa yangu. Ya mwisho hiyo, Bi Peris. Akatia mdomo chupani, akanyonya kama mtoto, yote! Nikamwambia, kunywa, ndugu yangu, mimi nitajijua."

"Kisha?"

"Kisha nikapanda baiskeli. Maili kumi na tisa. Ulimi umekuwa kigae. Nimefika kituo cha mafuta, unafikiri niliomba maji? Waulize! Sikuomba hata tone. Niliomba simu."

"Nimesoma," alisema Peris. "Yule kijana wa kituo aliwaambia polisi hivyo hivyo. Kwamba alikupa soda ukainywa nusu, ukaiacha kaunta."

"Umeona!"

"Nimeona. Tairi zako zilistahimili?"

Chaman alipiga paja. "Zile? Msumari hauingii. Kuanzia bahari ya California mpaka siku ile, sikupata pancha hata moja! Nilimwambia Rasikbhai, tununue za bei, tusije tukajuta."

"Na mlikaa kwenye lami muda wote?"

"Muda wote. Ukitoka kwenye lami pale umekwisha."

Peris alitoa kitambaa chake, akakifungua juu ya meza, kando ya sahani. Punje saba za kijivu.

"Wewe mtoto wa mjini, Bwana Chaman. Unguja ulikanyaga mawe, London umekanyaga lami, hizi huzijui. Mimi nazijua. Zinapenda mahali palipokanyagwa na ng'ombe, na pana maji. Ishirini na mbili ziko kwenye tairi zako. Kwenye tairi za Rasik, za duka lile lile, zilizopita barabara ile ile, hakuna hata moja."

Chaman aliacha kutafuna. Lila, aliyekuwa mlangoni na buli la chai, hakuingia wala hakutoka.

"Zinaweza kupeperushwa na upepo," alisema Chaman.

"Zikachagua baiskeli moja? Kisaa chako kinasema hamsini na tisa. Ilipasa kiseme hamsini na tano. Maili nne zimezidi. Mbili kwenda, mbili kurudi. Mahali fulani karibu na daraja lile panatoka njia ya vumbi, na mwisho wa njia hiyo pana birika la kunyweshea ng'ombe."

"Mke wangu amekuruhusu kuichokora baiskeli ya watu?"

"Na chupa yako, aliyoipata polisi kando ya mkono wa Rasik, inanuka zizi. Ndani kuna unywele wa ng'ombe. Maji ya hoteli ya Amerika yana unywele wa ng'ombe?"

Chaman alijifuta vidole kwenye suruali. Mafuta yakaacha mistari minne ya manjano pajani. Peris aliitazama mistari ile.

"Haya," alisema Chaman, sauti imeshuka. "Haya, nilikwenda kutafuta maji. Niliona pampu ya upepo kwa mbali inazunguka. Kumtafutia ndugu yako maji ni kosa? Nilisema vile kwa sababu… maji machafu yale, Bi Peris. Yana povu, yana ndege kafia ndani. Ningemwambiaje Kokilaben kuwa mumewe alikunywa hayo? Ni kumsitiri marehemu."

Ilikuwa njia nzuri ya kukimbilia, na mpelelezi mgeni angeifuata mpaka mwisho. Peris aliitia kwenye mizani kidogo.

"Ukamletea?"

"Nikamletea. Akanywa. Nimekwambia, alitia mdomo chupani akanyonya. Labda alikuwa ameshadhoofika. Isitoshe, ilikuwa ekadashi, siku yetu ya mfungo. Labda alifunga tangu asubuhi, mimi nitajuaje? Wako wanaofunga siku hiyo hata maji."

"Aliacha kufunga hivyo tangu alipougua figo, miaka sita. Na mwenye kufunga maji hakamui chupa mbili." Peris alifungua daftari. "Ulimwacha saa sita. Kituoni ulifika saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Hayo ni masaa matano. Maili nne za birikani na kumi na tisa za kituoni, kwa mwendo wako, nikikupa na jua na uchovu, ni masaa mawili. Yamebaki matatu. Ulikuwa unafanya nini masaa hayo matatu?"

"Upepo ulinipiga usoni."

"Upepo nimeshaupa haki yake. Masaa matatu, Bwana Chaman."

"Nilipata pancha! Ndiyo, sasa nakumbuka. Miba hiyo hiyo yako. Nikakaa naziba, naziba…"

"Hukupata pancha hata moja, umesema, na ganthia bado iko mdomoni. Viraka vyako viko sita na pakiti haijafunguliwa. Mimi nimeziba pancha za polisi Voi miaka sita. Nakuuliza tena. Masaa matatu ulikuwa wapi?"

Chaman alitazama ukuta. "Lila, chai iko wapi?"

Lila hakusogea. Mlango wa mbele ulikuwa umefunguka na baridi imeingia, na nyuma ya Lila alisimama Kokila, mfuko wa dukani mkononi.

"Garini kuna baridi," alisema Kokila. Aliingia, akaketi kwenye kiti kilichomkabili Chaman, akauweka mfuko magotini.

"Kokilaben! Mwambie mwanamke huyu, ananitukana nyumbani kwangu."

"Nimesikia kutoka varandani. Umesema alitia mdomo chupani."

"Kwa kiu ile, Kokilaben…"

"Rasik hakuweka mdomo kwenye chombo cha mtu tangu alipoota meno. Alimimina kwa juu. Chupa yangu mimi, mkewe miaka ishirini na saba, alimimina kwa juu. Tulikuwa tunamcheka, unakumbuka? Wewe ndiye uliyekuwa ukimcheka zaidi. Ulisema, Rasikbhai, siku utakayokufa Mungu atakunywesha kwa faneli."

"Mtu akifa kiu mila iko wapi?" Chaman alisema, lakini alisema ameinamia paja lake.

"Sijui. Huenda ulimwengu ulimgeuka, akanyonya. Basi niambie ulimshika kichwa au aliinuka mwenyewe? Mkono wake ulikuwa wa moto au wa baridi? Alikohoa? Mtu aliyemnywesha mwenzake anajua."

Ndege ilipita. Buli likalia mkononi mwa Lila, kisha likanyamaza. Peris alikuwa amejifunza Mombasa kwamba kuna wakati mpelelezi anakuwa kama meza tu.

"Hakunywa," alisema Chaman hatimaye. "Niliporudi alikuwa ameshakwisha. Amegeuza uso upande wa barabara. Nikamwaga maji, nikaiweka chupa mkononi mwake."

Lila aliliweka buli sakafuni, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akaenda gereji. Walisikia maji ya bomba yakifunguliwa, kisha brashi ngumu ikisugua mpira, kwa nguvu, bila kupumzika. Peris alijua ushahidi unakwenda na maji, naye hakuinuka. Namba alikuwa nazo, mbigili alikuwa nazo, na baiskeli ile ilistahili kuoshwa.

Chaman alisikiliza brashi ile. Manukato ya kinyozi yalikuwa yameanza kuchanganyika na jasho lake, na chumba kikawa na harufu ya ua lililosahauliwa kwenye maji. Peris alitamani kufungua dirisha. Hakufungua.

"Maili mbili," alisema Kokila. Alilitoa koja kwenye mfuko, akalitandaza mapajani, maua yakiwa bado na ubaridi wa friji. "Ulimwacha hai. Ulifika kwenye maji. Ulikuwa na chupa. Mimi sitaki kukufunga, Chamanbhai, wala sitaki kukupeleka ukumbini kukuaibisha. Kesho saa nane nitasimama mbele ya watu na kitu hiki mkononi, na shingo iko mbele yangu. Nataka kujua ninaivisha shingo gani. Rasik alikaa chini ya daraja anatazama ile njia uliyoiendea. Masaa matatu anaitazama. Ulikuwa unafanya nini?"

Chaman aliinua mkono kuelekea sahani ya ganthia, labda kwa mazoea tu, ukaishia njiani ukaning'inia.

"Yalikuwa ya baridi, Kokilaben," alisema. "Machafu, lakini ya baridi. Nikanywa. Nikavua nguo, nikaingia ndani, nikaoga. Pembeni palikuwa na kivuli cha bati. Nikasema dakika tano tu, nipate nguvu ya kurudi." Machozi yalimfika kwenye ndevu zile mpya, yakapita katikati ya mstari wa wembe. "Nililala."